Godfrey Hounsfield: Mtoto wa mkulima aliyeupa mwili namba

Watu wawili wanafika hospitali asubuhi moja. Wa kwanza amekojoa damu mara mbili ndani ya wiki. Wa pili hana maumivu yoyote kwenye figo; alikwenda kupigwa altrasaundi kwa sababu ya tumbo lililomsumbua kwa muda mrefu, na daktari akaona kitu kama yai kwenye figo yake ya kushoto. Wote wawili wana uvimbe wa sentimita 4.

Ukiwashika mbavuni hutajua tofauti. Hata altrasaundi inaweza isitoshe kuonyesha tofauti hiyo. Hata hivyo, uvimbe wa mmoja ni saratani, ambayo ikiachwa inaweza kusambaa hadi kwenye mapafu na mifupa. Uvimbe wa mwingine ni donge la mafuta na mishipa ya damu, ambalo mtu anaweza kuzeeka nalo akiwa na figo zake zote mbili. Daktari akikosea upande mmoja, mgonjwa anapoteza maisha. Akikosea upande wa pili, mtu mzima anapoteza figo isiyo na hatia.

Siku hizi kazi ya kuwatenganisha watu hao wawili huanza kwenye mashine ya CT-Scan, na namba ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika ripoti za wataalamu wa mionzi utaona tarakimu zikifuatwa na herufi mbili, HU. Herufi ya kwanza, H, ni ya jina la mtu. Mtu huyo ni Godfrey Newbold Hounsfield, fundi wa umeme wa Uingereza ambaye hakusomea udaktari wala hakuwa na shahada ya chuo kikuu.

Kitinda mimba wa shambani

Hounsfield alizaliwa Agosti 28, 1919, katika mji wa Newark-on-Trent, jimbo la Nottinghamshire. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mhandisi wa viwanda vya chuma, na macho yake yalipoanza kudhoofika aliacha kazi hiyo akanunua shamba. Huko ndiko mtoto Godfrey alikokulia, katikati ya ng'ombe, majani makavu na mashine za kilimo.

Maisha ya shamba yalimfaa kwa namna yake. Hapakuwa na burudani nyingi za mjini, na mtoto aliyependa kufungua vitu na kuvichungulia ndani alikuwa na nafasi ya kutosha. Alijitengenezea mashine za kurekodi sauti kwa umeme. Alijifungia mabawa ya kujiundia mwenyewe akaruka kutoka juu ya malundo ya nyasi kavu ili aone kama yataelea. Siku nyingine alichukua mapipa ya lami, akayatia maji na gesi ya asetilini, apime yatapaa umbali gani yakilipuka. Alikaribia kujiua kwa mchezo huo.

Darasani hakung'ara. Alisoma katika shule ya Magnus mjini Newark, na masomo aliyoyamudu bila taabu yalikuwa fizikia na hisabati tu. Mwalimu aliyetazama ripoti zake za shule asingebashiri kwamba siku moja angeitwa Stockholm kupokea tuzo ya tiba.

Rada ilimfundisha kusoma kisichoonekana

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, Hounsfield alijiunga kwa hiari na jeshi la anga la Uingereza. Ndege zilikuwa zimemvutia tangu zamani, lakini jeshi lilimpeleka kwenye rada. Alijifunza, kisha akawafundisha wengine. Muda wake wa ziada aliutumia kujisomea na kutengeneza vifaa vya maonyesho kwa ajili ya darasa, na mwaka 1945 alipewa cheti cha sifa kwa kazi hiyo.

Inafaa kukumbuka rada ni nini. Ni chombo kinachotuma mawimbi mahali ambapo macho hayafiki, kikapokea yanayorudi, kisha kikamwambia mtu kuna nini huko. Mtu anayekaa miaka kadhaa na chombo hicho huzoea kuuamini mwangwi na kipimo hata pale jicho lisipoona kitu. Mazoea hayo Hounsfield alibaki nayo.

Baada ya vita, ofisa mkubwa wa jeshi la anga aliyependezwa na kazi yake alimsaidia kupata fedha za masomo. Alisoma uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London, akatoka na stashahada. Kisha akaajiriwa na kampuni ya EMI huko Middlesex, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa sahani za santuri. Huko alianza na rada na silaha za kuongozwa, halafu akahamia kwenye kompyuta, ambazo wakati huo zilikuwa mitambo ya kujaza chumba. Kuanzia mwaka 1958 aliongoza timu iliyounda EMIDEC 1100, miongoni mwa kompyuta za kwanza za Uingereza zilizotumia transista badala ya taa za vioo.

Mradi wake uliofuata, wa kuunda kumbukumbu kubwa ya kompyuta, ulisitishwa kwa kuwa haukuonekana kuwa na faida kibiashara. Kampuni nyingine ingeweza kumfukuza. Mabosi wake walimwambia atafute mwenyewe jambo jipya la kuchunguza.

Bambo lisilotoboa gunia

Hounsfield alipenda kutembea mashambani kwa miguu, na wazo lililobadilisha tiba lilimjia katika matembezi ya aina hiyo. Mwaka 1967 ndipo alipoanza kulifanyia kazi.

Mtu yeyote aliyewahi kununua mahindi au mchele sokoni ataelewa wazo hilo. Mnunuzi haamini nafaka ya juu ya gunia. Anachukua bambo, analichoma gunia ubavuni, anavuta punje chache aone za ndani zikoje. Akitaka kuwa na uhakika zaidi anachoma upande mwingine, na mwingine tena. Swali la Hounsfield lilikuwa hili: je, ukilichoma sanduku lililofungwa kwa mwali kutoka kila upande, ukapima kila mara mwali umedhoofika kiasi gani ulipotokea upande wa pili, kompyuta inaweza kukokotoa kilichomo katika kila nukta ya sanduku hilo bila kulifungua?

Picha ya kawaida ya eksirei haiwezi kufanya hivyo. Ni kama kivuli cha watu watano waliosimama mstari mmoja mbele ya taa: ukutani unaona giza moja, hujui nani yuko mbele na nani nyuma. Katika picha ya tumbo, figo hufunikwa na utumbo, misuli na mgongo. Zaidi ya hapo, tishu laini za mwili hutofautiana kidogo sana katika kuzuia mionzi, na filamu hazikuweza kuonyesha tofauti ndogo hivyo.

Mashine ya kwanza ilikuwa kazi ya fundi wa karakana. Aliunganisha vifaa juu ya kitanda cha kerezo kuukuu, akaweka chanzo cha mionzi ya gama upande mmoja na kipokezi upande wa pili, kitu cha kupimwa kikazungushwa kidogo kidogo katikati. Mionzi ilikuwa hafifu mno, kwa hiyo picha moja ilihitaji siku 9 za kupima, vipimo 28,000, na saa 2 na nusu za kompyuta kukokotoa. Alipoweka bomba la eksirei badala ya chanzo hicho, siku 9 zikapungua hadi saa 9.

Alianza na vitu visivyo na uhai, akaja kwenye ubongo uliohifadhiwa katika dawa, kisha ubongo mbichi wa ng'ombe kutoka machinjioni. Baadaye alipiga picha za mwili wa nguruwe, mkato ukipita usawa wa figo. Picha hizo zilimsisimua kuliko zote alizokuwa amezipata mpaka wakati huo. Ikumbukwe kwamba hakuna mtu aliyemwomba apige picha za figo. Kwa watu wa siku hizo, kama mashine yake ingefaa kwa lolote, ilikuwa kwa kichwa tu.

Msaada kutoka kwa mtu wa kusini mwa Afrika

Kuwashawishi madaktari hakukuwa rahisi. Fundi wa kampuni ya santuri anayedai kuona ndani ya ubongo alionekana kwa wengine kama mtu wa ndoto. Idara ya Afya ya Uingereza ndiyo iliyomfungulia mlango na kuchangia sehemu kubwa ya gharama, ingawa mpaka leo watu hupenda kusimulia kwamba mashine ilijengwa kwa fedha za nyimbo za Beatles, waliokuwa chini ya kampuni hiyohiyo.

Idara hiyo ilimkutanisha na Dk. James Ambrose, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon. Ambrose alimpa ubongo uliohifadhiwa wenye uvimbe ili amjaribu. Hounsfield aliondoka nao, na baada ya muda akarudi na picha iliyoonyesha uvimbe ulipo. Tangu siku hiyo Ambrose alikuwa upande wake.

Oktoba 1, 1971, mgonjwa wa kwanza aliingizwa kichwa katika mashine hiyo. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Mkanda wa vipimo ulipelekwa kwenye kompyuta ya EMI, na picha iliporudi ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, chache kuliko zile za picha ndogo kabisa katika simu ya leo. Zilitosha. Uvimbe ulionekana upande wa kushoto, na daktari wa upasuaji aliufungua akaukuta mahali palepale. Mwaka uliofuata, 1972, matokeo yalitangazwa kwa wataalamu wa mionzi mjini London, na watu waliacha kumwita Hounsfield mtu wa ndoto.

Kutoka kichwani hadi kwenye figo

Kichwa kilikuwa rahisi kwa sababu kinatulia. Tumbo halitulii. Mgonjwa akivuta pumzi, figo hushuka na kupanda pamoja na kiwambo, na mashine inayochukua dakika kadhaa kwa mkato mmoja itatoa picha iliyovurugika. Hounsfield na wenzake walipunguza muda huo hadi sekunde 20, kiasi ambacho mtu anaweza kubana pumzi. Kufikia mwaka 1975 mashine ya mwili mzima ilikuwa tayari.

Kabla ya hapo, mtu mwenye uvimbe wa figo alidungwa dawa ya kuonyesha mkojo, akapigwa eksirei, na daktari akabaki kuangalia kama umbo la figo limepinda. Wengine waliingizwa mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu kupitia paja ili mishipa ya figo ionekane. Mara nyingi jibu la uhakika lilipatikana baada ya tumbo kupasuliwa, na mara nyingine figo ikiwa tayari mezani.

Mashine ya Hounsfield ilileta jambo jipya kabisa. Ilionyesha umbo, na pia iliipa kila nukta ya mwili namba yake. Katika mizani inayotumika sasa, maji ni 0 na hewa ni -1000. Mfupa hupanda hadi mamia na kuvuka 1000. Mafuta, kwa kuwa mepesi kuliko maji, huwa chini ya sifuri, kati ya -50 na -120 hivi. Nyama ya figo yenyewe, kabla ya mgonjwa kudungwa dawa, hukaribia 30.

Daktari anayesoma picha huweka duara dogo juu ya uvimbe kwenye kompyuta, na mashine humwambia wastani wa namba zilizomo. Hapo ndipo wale watu wawili wa asubuhi wanapoanza kutengana.

Namba zinavyotenganisha uvimbe

Tuanze na aina inayowatisha watu bure kuliko zote, yaani kifuko cha maji. Wazee wengi wanacho bila kujua. Namba yake ni kati ya 0 na 20, kuta zake ni nyembamba, na dawa ikidungwa haibadiliki. Kifuko cha namna hiyo huachwa kilivyo. Kikiwa na kuta nene au vipande vya nyama ndani, hapo madaktari hukipanga katika madaraja aliyoyaweka mtaalamu wa Marekani Morton Bosniak mwaka 1986, kuanzia kisicho na shaka hadi kile ambacho kwa kawaida huwa saratani.

Aina ya pili ni lile donge la mafuta, misuli na mishipa ya damu, ambalo madaktari huliita anjiomayolipoma. Duara likiwekwa ndani yake na namba ikatoka chini ya -10, hiyo ni dalili ya mafuta, na karibu kila mara jibu ni kwamba uvimbe si saratani. Lazima useme karibu, kwa sababu kuna saratani chache zenye mafuta, hasa zikiwa pia na chembe za chokaa. Donge hili lina hatari yake: likizidi sentimita 4 linaweza kupasuka na kuvuja damu, kwa hiyo hufuatiliwa.

Zilizobaki ni zile ngumu zisizo na mafuta ya kuonekana, na kwa hizo kipimo kimoja hakitoshi. Mgonjwa hupigwa picha kwanza bila dawa, kisha hudungwa mshipani dawa yenye ayodini, halafu picha hurudiwa kwa saa maalumu: karibu sekunde 30 hadi 40, tena karibu sekunde 100, na wakati mwingine tena baada ya dakika kadhaa dawa inapotoka na mkojo. Namba ya uvimbe ikipanda kwa 20 au zaidi, maana yake damu inapita ndani yake, kwa hiyo ni nyama hai. Ikipanda chini ya 10, kuna uwezekano mkubwa ni maji mazito au damu iliyoganda. Katikati ya hapo ni eneo la mashaka.

Kasi ya kupanda nayo ina maana. Saratani ya figo iliyo ya kawaida kuliko zote, ile ya seli angavu, ambayo ni karibu robo tatu ya saratani za figo za watu wazima, hunywa damu kwa pupa. Katika picha ya mapema huwaka pamoja na nyama ya figo, mara nyingi ikiwa na mabaka meusi ya sehemu zilizokufa, kisha hufifia. Aina ya pili kwa wingi, ya papila, ni ya polepole: hupanda kidogo tu, na mara nyingi sura yake ni sawasawa kote. Aina ya tatu, ya kromofobu, hukaa katikati ya hizo mbili. Tofauti hizi si za vitabuni tu, kwa kuwa saratani ya seli angavu kwa kawaida ni kali kuliko hizo nyingine mbili, na mpango wa matibabu hutegemea mambo kama hayo.

CT-Scan huonyesha pia kama uvimbe umeingia kwenye mshipa mkubwa wa figo, kama tezi za jirani zimevimba, na kama figo ya pili ni nzima. Daktari wa upasuaji anayejua hayo anaweza kukata uvimbe peke yake na kuiacha figo.

Pale namba zinaponyamaza

Hounsfield alikuwa mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hujua kipimo kinaishia wapi. Kuna uvimbe uitwao onkosaitoma ambao si saratani, lakini hunywa damu kwa pupa kama saratani ya seli angavu. Baadhi huwa na kovu katikati lenye umbo la nyota, lakini saratani nayo inaweza kuwa na sura hiyo. Kuna madonge ya anjiomayolipoma yenye mafuta machache mno kiasi kwamba namba hazishuki chini ya sifuri. Ndiyo maana, kati ya uvimbe mdogo wa figo usiozidi sentimita 4 unaokatwa ukidhaniwa kuwa saratani, takriban mmoja kati ya mitano hukutwa maabara kuwa haukuwa saratani.

Katika nchi zetu kuna mtego mwingine. Kifua kikuu kinaweza kushika figo, na jipu la figo la muda mrefu linaweza kufanya donge linalofanana na saratani. Kwa watoto wadogo, uvimbe mkubwa tumboni unaweza kuwa wa Wilms, saratani ya figo ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Picha peke yake haimalizi maswali hayo. Daktari lazima aulize historia, apime mkojo na damu, na pengine achukue kinyama kwa sindano. Hapo tunarudi kwenye bambo lenyewe, linalotoboa gunia, ila sasa picha inaliongoza likachome mahali panapofaa.

Kipimo hiki kina gharama zake kwa mwili pia. Kinatumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida. Dawa ya ayodini inahitaji uangalifu kwa mtu ambaye figo zake zimeshachoka au aliyewahi kupata mzio nayo. Mwanamke mwenye ujauzito lazima aseme kabla ya kulala mezani.

Wawili wasiojuana, tuzo moja

Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Aliigawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hadithi yake ilianzia barani kwetu. Mwaka 1956 Cormack alikuwa mhadhiri wa fizikia Cape Town, na hospitali ya Groote Schuur ilimhitaji kusimamia matumizi ya mionzi kwa siku moja na nusu kwa wiki. Alipoona jinsi madaktari walivyokadiria dozi bila kujua mionzi hudhoofika kiasi gani ndani ya mwili, alianza kutafuta hesabu ya kulitatua. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Miongoni mwa wachache waliomwandikia walikuwa watafiti wa maporomoko ya theluji wa Uswisi.

Hounsfield alifika mahali hapo kwa njia yake bila kuijua kazi ya Cormack. Mmoja alikuwa na hesabu bila mashine ya hospitali. Mwingine alikuwa fundi aliyetafuta hesabu zake mwenyewe. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa tiba, na hakuna aliyekuwa na shahada ya uzamivu aliyoipata darasani.

Utajiri haukumbadilisha Hounsfield. Mwaka 1981 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Hakuoa. Aliendelea kutembea mashambani na kupiga piano aliyojifunza mwenyewe, na sehemu ya fedha za Nobel aliitumia kujenga maabara nyumbani. Kampuni yake haikudumu katika biashara hiyo. Washindani wakubwa waliingia na EMI ikajitoa, lakini yeye aliendelea kufanya utafiti hata baada ya kustaafu. Alifariki Agosti 12, 2004, akiwa na umri wa miaka 84.

Kipimo kisichohitaji mkalimani

Katika ukanda wetu mashine hizi bado zimerundikana katika miji mikubwa, na mgonjwa wa figo husafiri mbali, mara nyingine akivuka mpaka, kuifuata. Wengi hufika wakiwa wamebeba karatasi ya ripoti peke yake, na wengine hulazimika kulipia upya picha waliyokwisha kupigwa.

Hapa ndipo urithi wa mtoto yule wa shambani unapomfaa mgonjwa wa kawaida. Mizani yake imefungwa kwenye maji na hewa, na maji ni maji Bujumbura kama yalivyo Mombasa. Mashine hutofautiana kidogo, lakini namba -60 iliyopimwa Kampala itasomwa kuwa mafuta Kigali, Goma na Dar es Salaam, hata kama madaktari wa pande zote wanaandika ripoti kwa lugha tofauti. Kwa hiyo mgonjwa akipewa diski yenye picha zote, za kabla ya dawa na za baada yake, aitunze kama hati ya shamba. Na akiambiwa ana uvimbe kwenye figo, anayo haki ya kumuuliza daktari wake maswali matatu: namba ya uvimbe ilikuwa ngapi bila dawa, ilipanda hadi ngapi baada ya dawa, na je, ndani yake mna mafuta?

Majibu ya maswali hayo huenda yakamwondolea figo mapema kabla saratani haijatoka nje, au yakamrudisha nyumbani akiwa nazo zote mbili.